Kinu cha upepo nyumbani: nguzo kwanza, mashine baadaye

Juzi msomaji mmoja wa Bombo ameniandikia. Ameona kinu cha upepo cha wati 1,000 dukani Kampala, na muuzaji amemwambia akifunge juu ya paa la mabati, habari za umeme kukatika azisahau. Ananiuliza, "Kaka, nilipe?" Tangu nilipoweka hapa picha ya kinu changu maswali ya namna hii hayaishi, kwa hiyo nawajibu wote pamoja.

Usilipe. Bado.

Mimi nakaa Moroto, na hiyo pekee ni nusu ya siri yangu. Sehemu kubwa ya Uganda upepo wake ni wa kukausha nguo tu. Huku Karamoja kiangazi kikiingia, vumbi linakimbizana barabarani mchana kutwa. Wenzetu wa Kenya wamesimamisha vinu 365 kule Loiyangalani, megawati 310, na watu wakisikia hivyo wanadhani upepo ni uleule kila mahali. Kule unabanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, unatoka kwa kasi. Bombo unabanwa na nini?

Hesabu yenyewe haina huruma. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nane. Kinu ambacho mapanga yake yanazunguka duara la upana wa mita 2, kwenye upepo wa mita 8 kwa sekunde kinaweza kukupa wati 250 hivi. Upepo ukishuka hadi mita 4, unabaki na kama wati 30, taa chache na simu. Zile wati 1,000 za kwenye boksi ni za upepo wa mita 11 au 12, ule unaopindua miavuli.

Nilipotangaza kwamba napima kwanza, nilichekwa. Shemeji yangu mmoja alinibatiza "Mpima Hewa" mbele ya wakwe, harusini, na jina likanasa. Mpaka leo kuna watoto mtaani wanaoniita hivyo bila kujua limetoka wapi. Mimi nikaendelea. Nilisimamisha bomba refu la chuma, juu nikafunga kipima upepo, na kuanzia chini hadi juu nikafunga vipande vya nailoni. Usawa wa paa, nailoni zilikuwa zinahangaika, mara huku mara kule, nyingine zimejiviringisha kwenye bomba. Zile zilizopita vilele vya miti zilinyooka upande mmoja kama zimepigwa pasi. Namba nikaziandika kwenye daftari la shule, asubuhi na jioni, kiangazi na masika.

Nailoni zile ndizo zilizoniamulia kila kitu. Upepo wa paani umeshavunjwavunjwa na nyumba na miti, unachosha mashine na hautoi umeme wa maana, tena mtetemo wote unaingia ndani mnamolala. Mafundi wa kazi hii wana kanuni yao: panga likifika chini kabisa, bado lipite kwa mita 9 kitu chochote kilichoko ndani ya mita 150. Ndiyo maana nguzo yangu imekula pesa kuliko mashine yenyewe, na sijutii hata shilingi. Habari za kuchimba msingi na kumwaga zege nazikata, zinachosha. Ila hakikisha nguzo inaweza kulazwa chini kwa matengenezo, na waya wa kuipeleka radi ardhini uufunge vizuri, maana radi za nchi hii mnazijua.

Jambo lingine wauzaji hawalisemi. Paneli ya sola betri zikijaa unaikata tu, basi. Kinu kikikatwa kwenye betri huku kinazunguka, hakina tena kinachokizuia, kinapaa mwendo mpaka kijivunje. Lazima kiwe na koili ya kuunguza umeme wa ziada. Yangu iko kwenye boksi la bati ukutani, mbali na mbao, na usiku wa upepo mkali huwezi kuishika.

Vijana wenzangu, tunapenda sana kujitegemea lakini hatupendi kungoja. Mtu hajui upepo wa kwao unatoka wapi, ila bei ya mashine anayo kichwani mpaka punguzo lake! Pima. Ukimaliza, pima tena msimu mwingine. Watakucheka, wacha wacheke. Shemeji umeme ukikatika huja kwangu kuchaji simu, na jina langu halisi bado hajalikumbuka.

Wewe wa Bombo, uko karibu na ikweta na jua unalo mwaka mzima. Pesa hizo tia kwenye paneli na betri nzuri za lithiamu. Hata mimi mchana natumia sola, kinu kinanisaidia zaidi usiku. Roho ikikataa, nunua bomba na nailoni, kaa navyo mwaka mmoja. Na muuzaji akikuharakisha eti vimebaki viwili tu, mwache aviuze vyote viwili.