Kabla wakala hajaandika "fulana", ishike nguo mwenyewe

Mwaka ule sweta zangu za shule zilifika Mwanza wiki ya tatu ya Januari. Watoto walishaanza masomo, wazazi walishanunua kwa wengine, na duka langu la Makoroboi limejaa maboksi mpaka mlangoni. Barabarani mzigo haukuchelewa hata siku moja. Ulikwama bandari kavu Dar es Salaam siku 17, na tozo ya kuhifadhi ikipanda kila siku, kwa sababu ya neno moja kwenye karatasi: fulana.

Wakala wangu wa forodha alikuwa ameandika mzigo wote kwa namba 6109, namba ya forodha ya fulana. Fulana zilikuwemo kweli, ila mkaguzi alipofungua akakuta na sweta, fulana za kola na seti za watoto. Sikuwa na la kubisha. Invoisi niliipitisha mimi mwenyewe bila kuisoma.

Ndugu zangu mnaoagiza nguo, ugumu unaanzia kwenye lugha yetu. Sisi shuka linafumwa na sweta inafumwa. Forodha, kwenye kitabu chao cha ushuru, wanazitenganisha: Sura ya 61 ni nguo za vitanzi, Sura ya 62 ni za mtande na mshindio. Isogeze nguo, upande wa nje, karibu na kamera ya simu, kuza picha. Ukiona vitanzi vimeshikana kama herufi V ndogondogo zilizopangwa safu, uko 61. Ukiona nyuzi zinapishana juu na chini kama ukili wa mkeka, uko 62. Kuvuta kitambaa peke yake kunadanganya, maana jinzi ya kubana nayo inavutika na bado ni ya 62.

Ukishaingia 61, fulana ya kawaida isiyo na kola ni 6109. Sweta ni 6110. Fulana ya kola yenye vifungo ni 6105 kwa wanaume, 6106 kwa wanawake. Lakini ikiwa na mfuko chini ya kiuno, au pindo la chini lina mpira au ribu ya kubana, haikai humo tena. Angalia na vifungo: upande wa kushoto ukilalia wa kulia, ni ya kiume. Ile isiyojulikana ni ya nani inahesabiwa ya kike. Nguo za kichanga, yaani mtoto wa urefu usiozidi sentimita 86, zina namba yao, 6111. Na zile seti zangu? Nguo za namba tofauti, hata zikifungwa pamoja kwenye mfuko mmoja wa kuuzia, kila moja inabaki na namba yake.

Halafu uzi, ndio unaoamua tarakimu za baada ya nukta. Kinachoangaliwa ni uzi uliozidi kwa uzito. Sweta yenye polyester asilimia 60 na pamba 40 si ya pamba, hata muuzaji akupambie vipi. Soma lebo ya ndani.

Kuna wanaoniambia, "Mama, ushuru si uleule?" Ni kweli, tangu Julai 2022 nguo nyingi za sura zote mbili ziko kwenye daraja la asilimia 35 la Afrika Mashariki. Mzigo wa milioni 10 ukiufikisha bandarini, ushuru ni milioni 3.5, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya milioni 13.5, yaani milioni 2.43. Tozo nyingine sijazigusa. Ila thamani ya nguo yako inalinganishwa na nyingine za namba ileile, na tamko lisilo sahihi ni kosa kisheria. Hata cheti cha uasilia, karatasi inayothibitisha nguo imetengenezwa wapi, cha sweta iliyotengenezwa Kenya au Uganda, inayopita Sirari au Mutukula, kinataka namba inayolingana na nguo. Na mzigo wa China uliopitia Kampala haugeuki kuwa wa Uganda.

Ukiwa na shaka, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inakuruhusu kuomba uamuzi wa namba kabla hujaagiza. Peleka sampuli na maelezo. Wakishaamua na hukubaliani, una siku 30 za kumwandikia Kamishna wa Forodha apitie upya. Usizipoteze kwa kugombana kaunta.

Siku hizi silipi malipo ya awali kabla sampuli haijanifikia mkononi. Nakata kipande, nakibandika kwenye daftari, pembeni naandika: vitanzi, akriliki, ya mikono mirefu, ya wavulana, 6110.30. Kwenye invoisi namtaka muuzaji aandike maneno hayohayo, mstari mmoja kwa kila aina ya nguo. Wakala anapokea picha ya ukurasa huo kabla hajagusa mfumo wa forodha, na ananipigia akiona tofauti.

Sweta za kijani za msimu uliopita nilizitundika nje ya duka Novemba, shule hazijafungwa.