Maswali ya Wasomaji: Joto na Chumvi ya Bahari Katika Kumbukumbu

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba wataalamu hurekebisha takwimu za joto la bahari miaka mingi baada ya vipimo kuchukuliwa. Kipimo kikishachukuliwa na kuandikwa, nani ana haki ya kukibadilisha? Je, huko si kuchakachua takwimu?

JIBU: Shaka yako ina msingi, na ingekuwa kweli kabisa kama namba ya awali ingefutwa na nyingine kuandikwa mahali pake. Katika hifadhi ya takwimu inayoendeshwa ipasavyo jambo hilo halifanyiki. Namba iliyosomwa na kifaa hubaki jinsi ilivyosomwa, na marekebisho huandikwa kando yake, pamoja na sababu zake na makadirio ya kosa lililosalia, ili mtaalamu wa baadaye asiyeyakubali aweze kuyaweka pembeni na kuanza upya.

Marekebisho yanahitajika kwa sababu bahari imepimwa kwa vifaa vingi visivyofanana. Kwa miongo mingi mabaharia walichota maji ya juu kwa ndoo ya turubai na kutumbukiza kipimajoto ndani yake. Maji hayo hupoa kadiri yanavyogeuka mvuke kwa upepo, hivyo kipimo hutoka chini kidogo ya joto halisi. Baadaye meli nyingi zilianza kupima maji yanayoingizwa ndani ili kupoza injini, na hayo, kwa kuwa hupita katika chumba chenye joto, mara nyingi huonyesha joto lililozidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia upimaji wa chumba cha injini uliongezeka, maana kutoka nje usiku na taa ili kuchota maji kulihatarisha meli. Vita vilipokwisha, mchanganyiko wa meli na wa njia za kupima ulibadilika ghafla, na wastani wa joto la uso wa bahari ukaonekana kuporomoka mwaka 1945. Bahari yenyewe haikuwa imepoa kiasi hicho. Mtu anayetumia namba za miaka ile bila kujua zipi ni za ndoo na zipi ni za injini anachunguza desturi za mabaharia huku akidhani anachunguza maji.

Mfano wa pili ni wa karibuni zaidi. Tangu miaka ya 1960 meli zimekuwa zikidondosha kifaa kidogo cha kupima joto ambacho huzama kikifungua waya mwembamba wa shaba, hutuma vipimo kwa waya huo, kisha waya hukatika na kifaa hakirudi tena. Ni njia rahisi, na imetuachia sehemu kubwa sana ya kumbukumbu za joto la chini ya uso wa bahari katika karne iliyopita. Tatizo ni kwamba kifaa hicho hakipimi kina. Kina hukadiriwa kutokana na muda ambao kimekuwa kikizama, na mwendo wake wa kuzama umegundulika kuwa haukulingana sawasawa na kanuni iliyotumika, tena ulitofautiana kwa aina ya kifaa na kwa mwaka wa kutengenezwa. Joto sahihi likiandikwa kwenye kina kisicho chake, bahari nzima huonekana na joto zaidi au pungufu kuliko ilivyo. Sehemu ya ongezeko la joto lililodhaniwa kutokea miaka ya 1970 ilipungua sana baada ya kosa hilo kushughulikiwa.

Hata hivyo, si kila rekodi ingeweza kusahihishwa kwa uhakika, kwa kuwa katika nyingi aina ya kifaa haikuandikwa kabisa. Kwa maoni yangu safu hiyo ya aina ya kifaa iliyoachwa wazi imeigharimu elimu ya bahari kuliko kifaa chochote kibovu: kosa la kifaa kinachojulikana linaweza kukadiriwa hata baada ya miaka hamsini, lakini la kifaa kisichotajwa hubaki ndani ya namba milele.

Leo kazi kubwa hufanywa na maboya ya mpango wa kimataifa wa Argo, ambayo yalianza kuwekwa baharini mwishoni mwa karne iliyopita na kufikia idadi ya 3,000 mwezi Novemba 2007. Kwa kawaida boya huelea kwenye kina cha mita 1,000, na kila baada ya siku 10 hivi hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda likipima joto, chumvi na kanieneo la maji, na linapofika juu hutuma vipimo kwa setilaiti. Vipimo hivyo hukaguliwa na kompyuta na hulengwa viwafikie watumiaji ndani ya saa 24 kupitia vituo viwili vikuu, kimoja Brest nchini Ufaransa na kingine Monterey nchini Marekani. Baada ya mwaka mmoja hivi mtaalamu huvipitia tena kwa jicho lake, hasa chumvi, kwa kuwa kihisi chake hupotoka polepole kinapoota uchafu wa baharini au kinapochakaa. Hulinganisha namba za boya na vipimo vya jirani katika maji ya kina kirefu, ambako chumvi hubadilika kidogo sana. Kila namba hupewa alama ya ubora: 1 kwa iliyo njema, 4 kwa iliyo mbovu, na nyingine katikati. Hata yenye alama ya 4 haitupwi.

SWALI: Mwalimu wetu huandika kwamba chumvi ya bahari ni 35, bila kizio chochote, ilhali vitabu vya zamani huandika gramu 35 kwa kilo. Yupi tumfuate?

JIBU: Wote wawili wana hoja, ila wanazungumzia vipimo viwili tofauti. Hakuna meli inayokausha maji na kupima uzito wa chumvi inayobaki. Baadhi ya chumvi huharibika kwa joto la kukaushia, na kazi yenyewe ni ndefu mno. Kinachopimwa ni jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kipimio kilichokubaliwa mwaka 1978 hulinganisha upitishaji huo na ule wa myeyuko maalumu wa kloridi ya potasiamu kwenye nyuzi 15 za Selsiasi, na kwa kuwa ni uwiano, hauna kizio. Mfumo uliopitishwa miaka ya 2009 na 2010 ulirudisha gramu kwa kilo katika hesabu za kisayansi, kwa kuzingatia kwamba mchanganyiko wa chumvi hutofautiana kidogo baina ya bahari moja na nyingine. Lakini angalieni sharti lake: katika hifadhidata kiendelee kuwekwa kile cha mwaka 1978, kilicho karibu na kipimo chenyewe, kwa kuwa kanuni ya kukigeuza kuwa gramu inaweza kuboreshwa siku zijazo.

Jambo moja zaidi ambalo wanafunzi hulisahau: upitishaji umeme hutegemea sana joto, kiasi kwamba kosa la nyuzi 0.01 katika joto huleta kosa la karibu 0.01 katika chumvi. Kipimo cha chumvi kilichohifadhiwa bila joto lake hakiwezi kuhakikiwa.

SWALI: Kwa nini setilaiti zisifanye kazi yote?

JIBU: Kwa sababu zinaona ngozi ya bahari tu. Tangu setilaiti ya Ulaya iitwayo SMOS iliporushwa mwaka 2009 hata chumvi ya juu imekuwa ikipimwa kutoka angani, lakini kwa usahihi mdogo kuliko wa boya, na namba zake zenyewe hulinganishwa na vipimo vilivyochukuliwa majini.

SWALI: Taasisi yetu ina madaftari ya safari za zamani za utafiti, yenye vipimo vya joto na chumvi, na karatasi zimeanza kuoza. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni na picha. Pigeni picha safi ya kila ukurasa, pamoja na majalada, kurasa zilizoandikwa pembeni na zile zinazoonekana tupu, kabla ya mtu yeyote kuanza kunakili namba. Kisha wanakili watu wawili, kila mmoja peke yake, na tofauti zao zitatuliwe kwa kurudi kwenye picha.

Katika kunakili, msikokotoe chochote. Kama daftari linataja urefu wa kamba iliyoshusha kifaa na pembe iliyoinamia badala ya kina, andikeni urefu na pembe. Kina kitakokotolewa katika safu nyingine. Andikeni wazi kama saa ni za mahali meli ilipokuwa au za Greenwich, na kama longitudo ni ya mashariki au magharibi, maana vituo vingi vya kupimia baharini katika hifadhi za takwimu za dunia vimewahi kujikuta nchi kavu kwa kosa hilo moja. Tajeni kifaa, namba yake ya utambulisho na jina la meli, hata kama linaonekana halina faida.

Baada ya hapo, wasilianeni na kituo cha taifa cha takwimu za bahari kilicho katika IODE, mtandao wa kimataifa wa kubadilishana takwimu za bahari, ulioanzishwa mwaka 1961 chini ya tume ya UNESCO ya bahari. Tume hiyohiyo iliidhinisha mwaka 1993 mradi wa GODAR, uliolenga kuokoa kumbukumbu za namna hii hasa, na vipimo vingi vilivyookolewa vimeingia katika hifadhidata ya bahari ya dunia inayotunzwa nchini Marekani. Waambieni mapema kama sehemu ya vipimo hivyo iliwahi kutumwa kwingine, na msiongeze wala kupunguza tarakimu baada ya nukta: safari moja ikifika mara mbili, mara ya kwanza ikiwa na 24.37 na ya pili 24.4, kompyuta inaweza kuihesabu kuwa safari mbili.