Alamu yajililia usiku, asubuhi pikipiki haiwaki

Salama ndugu. Kwa hiyo alamu uliyofungiwa hapo Malindi inajililia usiku, na asubuhi injini inazunguka bila kuwaka. Kabla ya kumlaumu fundi, pima betri pikipiki ikiwa imezimwa; ikisoma chini ya volti 12, ichaji kwanza. Kisha fuata waya wa ethi (ule wa upande hasi) hadi unapofungwa kwenye fremu. Huku pwani chumvi haina huruma: kichwa cha waya wangu kilijaa ungaunga wa kijani, nikakikwangua kwa msasa, nikapaka grisi, kelele zikakoma.

Ikigoma bado, tafuta pale waya unaopeleka umeme kwenye CDI (kile kisanduku cha kuwashia cheche) ulipokatwa ukapitishwa kwenye rilei ya alamu, yaani swichi yake ya umeme. Wengi huviringisha tu na kufunga tepu. Chomoa ncha hizo mbili, ziunganishe zenyewe. Ikiwaka, ubovu uko kwenye rilei, viungo vyake au alamu yenyewe.