Kuokoa na kuzalisha drosera
Ndugu, umeeleza kwamba drosera yako (mmea mdogo unaonasa wadudu kwa majani yanayonata), ile ya asili ya Rasi ya Afrika Kusini, ilianza kunyauka ulipoihamishia kwenye udongo wa bustani wenye samadi. Samadi ndiyo iliyoidhuru, kwa kuwa mmea huu umezoea ardhi chepechepe isiyo na rutuba. Ing'oe drosera hiyo leo hii, isuuze mizizi taratibu kwa maji ya mvua, kisha uipande katika mboji ya piti (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu) isiyotiwa mbolea, iliyochanganywa na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkeno), na chungu ukiweke kwenye kisahani chenye maji ya mvua. Nakusihi pia ukate jani moja zima na kulielesha katika gilasi ya maji hayohayo penye mwanga. Baada ya wiki kadhaa vichipukizi vidogo vyenye vinywele vinavyonata vitajitokeza juu yake.