Kamera Dodoma: fikiria vumbi kabla ya megapikseli

Kama una picha yenye anga kubwa uliyopiga kiangazi hapa Dodoma, ifungue kwenye kompyuta na uikuze mpaka mwisho. Pitisha macho taratibu kwenye ile buluu. Ukiona vidoa vya kijivu, vya mviringo, visivyo na kingo kali, fungua picha iliyofuata. Vikiwa palepale, usijisumbue kufuta kioo cha lenzi. Vumbi limeshaingia ndani, limekaa juu ya sensa, kile kibao kinachopokea picha.

Vidoa hivyo nilivijua Agosti, mwaka wangu wa kwanza na kamera. Nilikwenda bwawa la Hombolo kwa bodaboda kutafuta ndege. Walikuwa upande wa pili wa maji, kwa hiyo nikasimama kando ya njia, nikachomoa lenzi fupi, nikaiacha kamera wazi mapajani huku napekua begi kutafuta ile ndefu. Wenyeji mnaujua upepo wa miezi ile. Kilipita kisulisuli kidogo tu, hata macho sikufumba. Jioni nilikuta madoa kumi na moja kwenye kila picha yenye maji au anga, na nilikuwa nimepiga zaidi ya mia mbili.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kamera gani, siku hizi swali langu la kwanza ni kama ataitumia hapa kati ya Mei na Novemba. Idadi ya megapikseli tutaizungumza baadaye, au tusiizungumze kabisa.

Tuanze na jinsi vumbi linavyofanya kazi, kwa sababu ukilielewa utapoteza pesa kidogo. Mbele ya sensa kuna kioo chembamba, na chembe ya vumbi hukaa juu ya kioo hicho. Ukipiga kwa tundu kubwa la lenzi, tuseme f/2 au f/2.8, mwanga unaingia kutoka pembe nyingi na kivuli cha chembe kinayeyuka. Ukilibana tundu mpaka f/11 au f/16, kama wengi tunavyofanya kwenye picha za mandhari, mwanga unakuja umenyooka na kivuli kinajichora. Kwa hiyo kamera inaweza kuonekana safi kwenye picha za sura za watu na chafu kwenye picha za milima. Kuipima ni rahisi: weka f/16, elekeza kwenye anga tupu, vuruga fokasi, piga. Kipimo hiki kifanye kabla ya safari, na kifanye unaponunua kamera ya mtumba muuzaji akiwa mbele yako.

Kusafisha kuna ngazi. Kwanza iache kamera ijitikise yenyewe, maana nyingi zina mpangilio huo kwenye menyu. Vumbi likigoma, chaji betri ijae, chagua kwenye menyu ile sehemu ya kuinua kioo cha kuakisi kinachoikinga sensa, geuza kamera mdomo uangalie chini, kisha puliza kwa pampu ya mpira ya mkono. Usipulize kwa mdomo, mate yatafika. Na usikubali kompresa. Siku ile natoka Hombolo, fundi pikipiki aliniona nahangaika akaniambia kwa moyo mweupe kabisa, "Dada, lete hapa nikupulizie, sekunde moja tu." Namshukuru Mungu nilikataa. Hewa ya kompresa ya gereji hubeba mafuta na maji, na nguvu yake inaweza kung'oa vitu ndani ya kamera. Pampu ikishindwa, mpelekee fundi wa kamera mwenye vijiti maalumu na dawa yake. Mimi ya kwangu niliisubirisha mpaka nilipopata safari ya Dar, na sikujuta.

Sasa kununua. Mimi natumia Nikon D3200, kamera iliyotoka mwaka 2012, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ina megapikseli 24, na picha zake nimechapisha kubwa za kutundika sebuleni bila tatizo. Sisemi uitafute hiyohiyo. Ninachosema ni kwamba kwa mtu anayepiga kwa mapenzi, Jumamosi na Jumapili, pesa ya kukimbilia bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) ingefanya kazi zaidi kwenye lenzi moja nzuri itakayokaa kwenye kamera bila kutolewa. Lenzi isiyotoka haiingizi vumbi.

Yangu ni 35mm f/1.8, ile ndogo iliyotengenezwa kwa kamera za DX, yaani Nikon zenye sensa ndogo. Haizumu. Ukitaka mtu awe mkubwa, unamsogelea. Lakini ukiiweka f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara sita ya lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, iliyozumiwa kwenye 35 hiyohiyo. Ndani ya nyumba ya udongo yenye dirisha moja, au kanisani jioni, hiyo ndiyo tofauti ya picha iliyotulia na picha iliyotikisika. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: lenzi hii hairefuki wala kufupika inapotafuta fokasi, na kwenye pete yake ya nyuma kuna mpira mwembamba unaoziba mwanya. Ile 18-55 ukiizungusha inatoka na kurudi kama pampu ya baiskeli, na kila ikirefuka inavuta hewa ya nje. Kwa mtu wa Tanga hilo dogo. Kwa mtu wa Chamwino au Bahi si dogo.

Ukiwa na Nikon za wanaoanza kama D3200, kuna mtego. Bodi hizo hazina mota ya fokasi ndani, zinategemea mota ya kwenye lenzi. Lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D zitaingia vizuri na zitapiga, ila fokasi utaizungusha kwa mkono. Tafuta zilizoandikwa AF-S. Wa Canon EOS hamna shida hiyo, kwa sababu lenzi zenu za EF za fokasi ya otomatiki zimekuwa na mota tangu mfumo ulipoanza mwaka 1987.

Kamera nyingi za mtumba tunazipata Dar, na hapo kuna ugonjwa mwingine kabisa. Huku kwetu ni vumbi, pwani ni ukungu. Joto na unyevu wa bahari huotesha kuvu ndani ya vioo vya lenzi, na kuvu huyo akishakula rangi ya kinga ya kioo, hata ukimsafisha anaacha kovu. Unapokwenda Kariakoo, washa tochi ya simu, iweke nyuma ya lenzi kwa kuinamisha kidogo, uchungulie kutokea mbele. Vumbi la chembe mbili tatu lisikutishe, kila lenzi inalo. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui zinatambaa kutoka ukingoni, rudisha hata kama bei imeshushwa nusu. Ukitaka kumwambia muuzaji jambo hili, mwambie kwa adabu, "Mzee, hii ina ukungu, naomba nione nyingine." Nimefanya hivyo mara mbili na mara zote mbili nilitolewa nyingine kutoka chini ya meza.

Beba memori kadi yako mwenyewe, piga picha ishirini papo hapo, na jaribu kila kitufe. Uliza kamera imetoka kwa nani. Shata, lile pazia linalofunguka kila unapopiga, kwenye kamera za ngazi hii zimepimwa kwa mibofyo kama 100,000. Mpiga picha wa harusi anayepiga picha 2,000 kwa sherehe, kila wikiendi, anaimaliza namba hiyo kwa mwaka mmoja. Kamera aliyokaa nayo mwalimu au mtalii miaka minane inaweza isifike 20,000. Kwa Nikon, idadi imeandikwa ndani ya faili la picha, programu nyingi za kompyuta zinaisoma.

Kwenye memori kadi nimeumia, kwa hiyo nitasema kwa urefu. Nilinunua kadi ya GB 64 barabarani, nembo ya kampuni kubwa, pakiti imefungwa vizuri. Nikaitumia kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Nilipofika nyumbani, picha za mwanzo zilifunguka, zile za baada ya misa zikawa nusu picha nusu rangi ya kijivu, na za jioni, babu akimbariki mtoto, hazikufunguka kabisa. Kadi feki huwa ni ndogo iliyodanganywa itangaze ukubwa ambao haina. Ikijaa haisemi, inaandika juu ya vilivyopo au inatupa. Babu yule hatunaye tena. Tangu hapo kila kadi ninayonunua naijaza yote kwanza kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta ya Windows (wa Linux na Mac wana F3), inaandika mpaka mwisho kisha inasoma ilichoandika. Huchukua saa nzima au zaidi. Iache ifanye. Na nunua mbili za GB 32 badala ya moja kubwa, ili siku moja isikae yote mahali pamoja.

Vifaa vingine ni vya haraka. Filta ya UV ya kulinda kioo, ndiyo, huku kwetu nunua, hata kama wapiga picha wa nchi zenye majani watakwambia haina kazi. Angalia alama ya duara lenye mstari mbele ya lenzi, namba yake ndiyo saizi. Zangu zote ni 52. Kabla ya kufuta filta puliza kwanza, kwa sababu vumbi letu lina mchanga ndani yake na pindo la kanga litausugua kwenye kioo kama msasa. Betri ya pili ni lazima. Stendi ya miguu mitatu nyepesi sana upepo wa Julai utaiangusha, ining'inizie begi katikati. Flashi sijainunua mpaka leo.

Cha kujifunikia kamera njiani natumia kofia ya plastiki ya kuogea, ile yenye mpira ukingoni. Mifuko laini ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, na kofia hii ni bora kuliko ilivyokuwa mifuko ile: inakumbatia kamera nzima na lenzi yake, na ikichafuka unaisuuza. Juu yake ndipo unaweka begi. Kwenye bodaboda, begi likae kifuani. Likiwa mgongoni linakula vumbi lote la gurudumu la nyuma.

Baada ya yote hayo, niseme vumbi hilohilo limenipa kitu. Jua letu likishapita saa tatu asubuhi ni kali, linaweka vivuli vyeusi machoni na chini ya pua, na mpaka saa kumi jioni halipoi. Nilikuwa nafunga kamera muda huo. Siku moja kijijini upande wa Mvumi nilimkuta bibi mmoja amekaa ndani ya kivuli cha paa, mlangoni, anachambua mtama. Mbele yake uwanja mtupu mwekundu ulikuwa unawaka jua. Uso wake ulikuwa umeangazwa kutoka chini, taratibu, mpaka ndani ya mikunjo ya macho, na ngozi ilikuwa na rangi ya asali. Ardhi yenyewe ilikuwa inarudisha mwanga. Nikamsalimia, "Mbukwa, bibi," nikaomba ruhusa, nikaweka f/2.8, nikapunguza mwanga kidogo kwa kitufe cha kuongeza na kupunguza ili ngozi isipauke. Akataka kuona. Akaitazama skrini kwa muda mrefu, akasema, "Mjukuu wangu, nimefanana na mama." Nilimpelekea nakala iliyochapishwa wiki mbili baadaye.

Jaribu hilo kesho: mtu akae ndani ya kivuli, hatua moja au mbili kutoka ukingoni, uso uelekee kwenye ardhi yenye jua. Hakuna haja ya kununua ubao wa kurudisha mwanga.

Na ukipata siku mbili, panda mpaka Kolo, kupita Kondoa, ukaone michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Nilibeba lenzi tatu, nikatumia hiyo 35 peke yake. Watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu wako chini ya miamba, kivulini, na mwanga hapo ni laini siku nzima. Weka stendi, ISO 200, shata ya polepole, usiwashe flashi, na usikubali mtu amwagie maji mchoro ili ung'ae kwenye picha yako, maana maji yameshaharibu mingine. Pitia kwanza ofisi ya michoro pale Kolo upewe mwongozaji. Wangu alijua saa ambayo kila mwamba unapata mwanga mzuri, na picha zangu bora za siku ile nilizipiga mahali alipoonyesha kidole.

Mimi huwa nasubiri mvua za Desemba ndipo nabadilisha lenzi nje bila hofu. Siku mbili tatu baada ya mvua ya kwanza kubwa vumbi linalala, milima inaonekana mpaka mbali, na mibuyu iliyokuwa mitupu tangu katikati ya mwaka inaanza kutoa majani. Ile lenzi ndefu niliyoitoa Hombolo siku ile, mwaka jana niliirudisha palepale mwezi wa Januari. Ndege walikuwepo, na anga ilitoka safi.