Je, Qur'ani ina maneno yenye asili ya Kiaramu?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mwenzangu chuoni anadai kuwa Qur'ani ina maneno yenye asili ya Kiaramu, lugha ya kale iliyo ndugu wa Kiarabu, na kwamba hilo linapingana na kauli ya Mwenyezi Mungu kuwa imeteremshwa kwa Kiarabu kilicho wazi. Je, nikiyakubali hayo ya asili ya maneno, imani yangu itaingia dosari?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenzako ameunganisha mambo mawili ambayo maulamaa waliyatenganisha zamani. Imam Shafi'i, Allah amrehemu, alikataa kuwa Qur'ani ina neno lisilo la Kiarabu, kwa hoja kwamba lugha hii ni pana mno na hakuna aijuaye yote isipokuwa nabii. Lakini imepokewa kutoka kwa Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, kwamba "Tur" ni mlima kwa Kisuryani, nacho ni tawi la Kiaramu. Abu Ubayd al-Qasim bin Sallam, aliyefariki mwaka 224 Hijria, alizipatanisha kauli hizo: asili ya maneno hayo ni ya kigeni, ila Waarabu waliyachukua wakayatamka kwa ndimi zao, na Qur'ani ilipoteremka yalikwisha kuwa Kiarabu. Kauli hii ndiyo ninayoiona kuwa na nguvu zaidi.

Nayo ina ushahidi wa mawe. Wanabati, watu wa kale wa mji wa Petra katika Jordan ya leo, wengi wao wakiwa na majina ya Kiarabu, waliandika kwa Kiaramu, lugha ya makarani tangu dola ya Waajemi. Huko Al-Hijr, katika nchi ya Thamudi, lipo kaburi la mwaka 267 Miladia ambalo Ka'b bin Haritha alimjengea mama yake, Raqush. Maandishi yake yanalitaja kaburi kwa Kiarabu, "al-qabru", ilhali "mwana wa" ni "bar", kwa Kiaramu. Na anayeombwa amlaani atakayelifungua, Mola wa ulimwengu, naye ametajwa kwa Kiaramu. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 300 kabla ya utume wa Mtume wetu (s.a.w.).

Kiarabu kilicho wazi, basi, ni kile walichokifahamu Maquraishi waliposomewa. Aya ya 44 ya Suratu Fussilat inaeleza kuwa lau Qur'ani ingelikuwa kwa lugha ya kigeni, wao wenyewe wangelilalamika kuwa aya zake hazikupambanuliwa.

Imani yako haina dosari kwa hilo, wala kukisoma Kiaramu si kosa: amepokea Tirmidhi kuwa Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze Kisuryani. Wallahu a'lam.