Maswali Yenu: Nani Aliulinda Mgongo wa Mombasa?

Kwa nini Wareno waliijenga Fort Jesus pale ilipo, wakaiacha Kilindini yenye bandari kubwa? (Msomaji, Likoni)

Kwa sababu mwaka 1593 vyombo vilitia nanga upande wa Mji wa Kale. Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Milan aliyewatumikia Wareno wa Goa, kule India, aliikalisha ngome juu ya mwamba wa matumbawe, ili kila chombo kinachoingia bandari ya kale kipite chini ya mizinga. Panda ukutani upande wa bahari ukaone: mashua za wavuvi hupita karibu hata unamwona aliyeshika usukani.

Kwa upande wa bahari simlaumu hata kidogo. Upande wa nchi kavu aliweka maburuji mawili, San Felipe na San Alberto, pamoja na handaki lililochongwa mwambani. Hayo yaliilinda ngome, hayakukilinda kisiwa. Makupa, ambako maji yakipwa watu walivuka kwa miguu, palikuja kuwekewa vijingome tu. Na onyo lilikuwa limeshatolewa! Mwaka 1589 Waturuki wa Amir Ali Bey, waliokuwa Mombasa, walijikuta Wareno wako baharini na Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, wako Makupa. Wakazigawa nguvu zao, wakashindwa kote kuwili.

Je, ni kweli kuna njia ya siri inayopita chini ya bahari hadi Nyali? (Wengi)

Hapana. Iko njia iliyochongwa mwambani kuteremkia ufukweni, ya kupitishia watu na mizigo, basi. Swali hili sitalijibu tena.

Ukuta mnene vile ulivunjwaje na Waomani mwaka 1698? (Msomaji, Muscat)

Waliokwisha ni watu, ndugu yangu, ukuta ulibaki umesimama. Waomani walifika Machi 1696 na ngome ikatwaliwa Desemba 1698, miezi 33 baadaye. Maradhi yaliwamaliza waliokuwa ndani kuliko risasi. Msaada wa Goa ulingoja kaskazi, wa Msumbiji ukangoja kusi, na katikati ya pepo hizo ngome ilikuwa peke yake. Anayepanga ulinzi wa bandari kwa kutegemea merikebu za mbali azihesabu kwanza siku ambazo hakuna merikebu itakayokuja. Oktoba 1697 merikebu ya Kireno Santo António de Taná, iliyoleta msaada, ilizama mbele ya ngome yenyewe.

Mwaka huohuo, maofisa wa Kireno walipokufa, aliyeishikilia ngome ni Bwana Daud wa Faza na Waswahili wenzake. Hilo wanafunzi wetu hawafundishwi, na linaniuma.

Sasa jiulize kwa nini mji wenyewe haukusimama na Wareno. Mwaka 1614 Wareno walisababisha kuuawa kwa mfalme wa Mombasa, Hasan bin Ahmad. Mwanawe, Yusuf, walimpeleka Goa, wakambatiza, kisha wakamrudisha atawale kwa niaba yao. Agosti 1631 Yusuf aliingia langoni kama mgeni, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na ngome ikawa yake bila kupigiwa mzinga hata mmoja. Cairati angeongeza maburuji kumi, ingekuwa kazi bure. Wenye mji ndio wanaoleta chakula, ndio wanaojua vivuko, na ndio wanaofunguliwa lango. Ukiwadhulumu hao, unamlinda nani na nani?

Nitumie kila kitu kuhusu Fort Jesus kabla ya Ijumaa. (Mwanafunzi)

Sitatuma. Nenda ukaione, uzunguke handaki kwa miguu, kisha uniulize swali moja.

Tanga hapakuwa na ngome kama hiyo. Wajerumani waliwashindaje Waingereza pale mwaka 1914, ni nyuki tu? (Msomaji, Pongwe)

Nyuki waliuma pande zote mbili. Kilichoamua ni reli na muda. Novemba 2, nahodha wa manowari ya Kiingereza HMS Fox aliingia kwanza kuutaka mji usalimu amri, na jeshi likaanza kushuka baadaye. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akapata nafasi ya kuwaleta askari kwa treni kutoka Moshi. Waingereza walikuwa na watu kama 8,000 dhidi ya kama 1,000, wakarudi melini Novemba 5 wakiacha bunduki na risasi nyingi. Wengi wa waliouokoa mji huo walikuwa askari Waafrika. Tafadhali, tuwataje hao kabla ya nyuki.

Ukuta mpya wa kuzuia bahari chini ya Fort Jesus umeharibu sura yake. Kwa nini ulijengwa? (Msomaji, Mji wa Kale)

Kwa sababu mawimbi yalikuwa yanaula mwamba chini ya msingi. Sura hairidhishi, nakubali, lakini ngome iliyoporomoka haina sura kabisa.

Na kwa kuwa unaandika kutoka Mji wa Kale, nikwambie usiloniuliza: msipige saruji juu ya kuta za matumbawe na chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, jiwe likaoza huku nje panaonekana pazuri. Tafuteni fundi wa chokaa, mmlipe vizuri, na mumpe kijana wa kujifunza naye.